Aiskrimu soda ya matunda kwa mtindo wa zamani: tuitengeneze nyumbani kwa shira ya tunda lenyewe

Nuru wa Soni (Lushoto)

Wakuu, habari za huko mliko.

Huku Usambara plamu na pichi zimeshaanza kuiva, forosadi zinadondoka chini ya miti, na ukipanda kutoka Mombo unakuta ndoo zimepangwa kando ya barabara zinasubiri mteja. Nyingi zitaozea hapo hapo. Ndiyo maana nimeona nianzishe uzi wa kitu ninachokipenda kwa moyo wote, na ambacho kwa maoni yangu kinayafaa matunda haya kuliko jemu: aiskrimu soda ya matunda, ile ya kizamani iliyokuwa ikiuzwa kwenye maduka ya dawa ya Marekani.

Tuelewane kwanza ni kinywaji gani. Kumimina Fanta kwenye glasi na kutumbukiza aiskrimu ni kitu kingine, na anayekipenda aendelee nacho. Hiki ninachokisema kina vitu vinne: shira ya tunda lenyewe, krimu au maziwa kidogo, maji ya gesi yasiyo na ladha yoyote, na aiskrimu. Kazi yote iko kwenye shira. Ukiipika mwenyewe unajua umeweka sukari kiasi gani, na tunda unalisikia mdomoni.

Naanza na forosadi kwa sababu ndiyo rahisi. Nusu kilo ya forosadi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, robo kilo ya sukari, maji ya nusu limau. Zioshe, ziponde kidogo kwa mgongo wa kijiko, changanya na sukari, funika, weka kwenye friji mpaka kesho. Usiongeze maji. Sukari yenyewe itayavuta maji ya tunda, na asubuhi utakuta bakuli limejaa kimiminika cha zambarau iliyokolea. Hapo ndipo unapasha kwa moto mdogo, dakika tano hivi, mpaka sukari yote iyeyuke na povu jepesi litokeze pembeni ya sufuria. Epua, chuja, tia limau, acha ipoe. Usiichemshe kwa fujo. Harufu ya matunda laini huondoka na mvuke, na ukiisikia nyumba nzima inanukia forosadi ujue harufu hiyo haitakuwamo tena kwenye glasi.

Pichi unazitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika ganda litoke, unatoa kokwa, unakata, halafu vipimo ni vile vile. Plamu zina uchachu zaidi, kwa hiyo sukari ifike gramu 300.

Sasa kwenye glasi, na hapa utaratibu una maana. Chukua glasi ndefu, iweke kwenye friza robo saa. Tia vijiko vikubwa vitatu vya shira, viwili vya krimu au maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na kipande kidogo cha aiskrimu ya vanila, kama kijiko kimoja. Kiponde hapo chini kichanganyike na shira. Mimina maji ya gesi kwa nguvu kiasi mpaka glasi ifike nusu. Povu litapanda, subiri litulie. Kisha weka bonge zima la aiskrimu, libanie kwenye ukingo wa glasi ili nusu izame na nusu ibaki juu. Malizia kwa maji ya gesi polepole. Mrija na kijiko kirefu, unywe hapo hapo.

Ukiangalia pale aiskrimu inapogusana na maji ya gesi utaona ganda jembamba la barafu linajitengeneza, chenga chenga, limelowa rangi ya tunda. Ukilivunja kwa kijiko linatoa sauti. Kwangu hilo ganda ndilo sababu ya kutengeneza kinywaji hiki.

Karibuni na matunda yenu.

---

BintiKisauni (Mombasa)

Ahsante dadangu Nuru, uzi huu umenifikia wakati mzuri, joto la Mombasa mwezi huu si la kusimulia.

Sisi huku tuna faluda zetu, maziwa na shira ya waridi na tukmaria, juu yake bonge la aiskrimu, kwa hivyo mkono wa kuchanganya maziwa na shira tunao tangu utotoni. Lakini gesi hatutii. Nimejaribu yako kwa pasheni kwa sababu ndiyo iliyokuwa jikoni, ladha tamu mno, ila maziwa yakakatika. Vipande vyeupe vinaelea. Watoto wakakataa kunywa. Nifanyeje? Pasheni sitaki kuiacha.

---

Nuru wa Soni

Dada BintiKisauni, usiiache kabisa, pasheni ni katika matunda yanayopendeza zaidi kwenye soda hii.

Pasheni ina asidi kali. Protini ya maziwa hugandana uchachu ukizidi mpaka pH ishuke kufikia 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi), na maji ya pasheni yako karibu na 3, kwa hiyo maziwa hayana pa kukimbilia. Fanya hivi: yale maziwa ya chini yaache, tumia krimu nzito, maana mafuta yake ni mengi na protini ni chache. Kama krimu haipatikani, ruka hatua hiyo, weka shira na maji ya gesi tu kisha aiskrimu juu. Kila kitu kiwe baridi sana, kwa sababu ubaridi huchelewesha kukatika, na mnywaji asikae na glasi akipiga soga. Shira ya pasheni pia iwe na sukari zaidi na uitumie vijiko viwili badala ya vitatu. Ukwaju na limau ni hivyo hivyo.

---

Mpishi wa Kirumba (Mwanza)

Mimi tatizo langu ni nanasi. Shira ya nanasi bichi niliyoblendi na kuchuja bila kupasha, kwa kufuata ushauri wa kulinda harufu. Glasi ya kwanza nzuri. Ile iliyokaa dakika kumi ikawa chungu, uchungu kabisa, si uchachu. Krimu haikuwa imeharibika, niliionja peke yake. Hii ni asidi pia?

---

FundiBarafu (Dar es Salaam)

Hapana mkuu, hiyo si asidi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, kazi yake ni kukatakata protini. Ndicho kinacholainisha nyama ukiilowesha kwenye nanasi. Kikikutana na maziwa kinazivunja protini vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Kadiri glasi inavyokaa ndivyo uchungu unavyozidi.

Dawa yake ni moto. Nanasi ndilo tunda ambalo shira yake LAZIMA ichemke kweli kweli, dakika kadhaa za kutokota, kimeng'enya kife. Nanasi la kopo halina shida hii kwa sababu limeshapikwa kiwandani. Papai nalo lina ndugu yake bromelini, hasa likiwa halijaiva vizuri, na huyo anavumilia moto zaidi. Mimi papai nimeliondoa kwenye orodha ya soda za maziwa.

Kwa harufu ya nanasi usiwe na wasiwasi, linastahimili moto kuliko forosadi au stroberi. Ukitaka ikolee, chemsha maganda yaliyooshwa vizuri pamoja na nyama yake, kisha chuja.

Halafu niongeze kwenye alichosema Nuru kuhusu baridi, kwa sababu watu wengi wanaharibu hapo. Maji yenye nyuzijoto 0 yanabeba gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzijoto 20. Chupa ya maji ya gesi iliyokaa kaunta ukiifungua tu nusu ya kazi imeshapotea, na ukimimina juu ya shira ya uvuguvugu inayobaki inatoka yote kwa mpigo. Povu kubwa, halafu maji mafu. Chupa ilale kwenye friji usiku kucha. Shira itoke kwenye friji. Glasi itoke kwenye friza.

---

Babu wa Kariakoo

Nimesoma kwa heshima zote. Lakini wajukuu zangu nawawekea Fanta ya chungwa na aiskrimu ya vanila, wanafurahi, hakuna sufuria ya kuosha wala kusubiri mpaka kesho. Maji ya gesi dukani kwangu ni ghali kuliko soda yenyewe. Niambieni kwa haki kabisa, faida ya taabu hii ni ipi?

---

Nuru wa Soni

Shikamoo babu.

Chungwa na vanila ni ndoa nzuri, siwezi kuikataa. Faida ninayoiona mimi ni kwamba tunda hubadilika na msimu na mahali. Fanta ya Januari na ya Julai ni moja. Shira ya chungwa la Muheza ina uchungu kidogo wa ganda, na ukiweka maganda machache ya juu yaliyoparuzwa wakati wa kupasha, inatoa harufu ambayo hakuna chupa inayoiuza. Na matunda ya shira si lazima yawe ya kupangwa mezani: yaliyobonyea, yaliyoiva kupita kiasi, yale muuzaji anayotaka kuyamaliza jioni, hayo ndiyo matamu zaidi. Kata sehemu iliyobonyea, tumia iliyobaki; lililooza liache.

Kuhusu taabu, babu, shira ya nusu kilo ya matunda inatoa glasi saba au nane. Unapika siku moja, wajukuu wanakunywa wiki nzima. Sufuria ni moja tu.

---

MbongoPhilly (Philadelphia)

Nimefurahi sana kuuona uzi huu kwa Kiswahili, maana mji ninaoishi ndio unaodai kwamba kinywaji hiki kilizaliwa kwake.

Mtu anayetajwa ni Robert M. Green. Mwaka 1874 alikuwa anauza soda kwenye maonyesho ya Franklin Institute hapa Philadelphia. Enzi hizo soda ilikuwa shira, maji ya gesi na krimu. Simulizi linalopendwa ni kwamba krimu ilimwishia akatumia aiskrimu ya vanila. Lakini maelezo yake mwenyewe yalikuwa mengine: alikuwa na mshindani mwenye mtambo mkubwa, akatafuta makusudi kitu cha kumpiku. Mimi naamini hili la pili. Aliacha wosia kaburi lake liandikwe kwamba ndiye mwanzilishi wa aiskrimu soda. Wapo wengine waliodai, Fred Sanders wa Detroit na Philip Mohr wa Elizabeth, New Jersey, ubishi haujaisha.

Kwa nini maduka ya dawa? Maji ya gesi yalianza kama kitu cha afya. Joseph Priestley wa Uingereza aligundua namna ya kuyatengeneza mwaka 1767, akiwa Leeds, kwa kuning'iniza maji juu ya mapipa ya pombe inayochachuka. Watu wakaona yanafanana na maji ya chemchemi za tiba, kwa hiyo wenye maduka ya dawa ndio waliokuwa na mitambo. Gesi waliipata kwa kumwagia asidi ya salfuriki juu ya vumbi la marumaru. Shira walikuwa nayo tayari kwa ajili ya kuficha uchungu wa dawa. Hatua ya kutoka dawa kwenda starehe ilikuwa fupi. Halafu pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933, kaunta hizi zikawa ndiyo baraza la mji, wazee kwa vijana.

Sasa hivi ukija Philadelphia kuna Franklin Fountain, mtaa wa Market, walifungua 2004 kwa mtindo ule ule wa zamani, kaunta ya marumaru na wauzaji wenye tai za kipepeo. Foleni ya kiangazi inafika kona. Nikinywa pale kinachonishangaza ni kwamba utamu wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Shira kidogo, gesi kali, aiskrimu nzito. Nuru, vipimo vyako viko karibu sana.

---

Shamba la Limuru (Kenya)

Wapendwa, mimi nalima stroberi Limuru, ndogo ndogo zile ambazo soko la hoteli halizitaki hubaki kwangu, na kazi yake ni hii hasa. Hizo ndogo zina harufu kuliko kubwa. Mimi sizipashi moto kabisa. Nazikata, natia sukari nusu ya uzito wake, nalaza friji usiku, nachuja asubuhi bila kukamua. Ukikamua inakuwa na uchafu uchafu na mbegu. Shira yake ni nyekundu kabisa, unaona kijiko kikiwa chini. Ila haikai, siku tatu nne basi. Stroberi zilizobaki kwenye chujio naziweka juu ya aiskrimu.

Swali langu ni la aiskrimu. Ile ya bei nafuu nikiiweka inayeyuka mara moja na kuacha mafuta mafuta juu. Mnatumia ipi?

---

FundiBarafu

Ipime kwa mzani, utapata jibu dukani hapo hapo. Aiskrimu huuzwa kwa lita, na hewa inayopigwa ndani yake ni ya bure kwa mtengenezaji. Sheria ya Marekani inataka lita moja isipungue takriban gramu 540 na mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Tumia kipimo hicho kama sakafu. Kopo la lita likiwa na gramu 700 au zaidi, hiyo ni nzito, itavumilia kuzama. Halafu soma viambato: ukikuta mafuta ya mboga ndiyo ya kwanza badala ya maziwa au krimu, yale mafuta mafuta uliyoyaona yametoka hapo.

Tena, aiskrimu ya soda itoke friza ikiwa ngumu kabisa. Usiisubirie ilainike kama unayotaka kuila kwenye bakuli.

---

Mpishi wa Kirumba

Ya nyumbani bila mashine: nusu lita ya krimu ya kupiga, ipige mpaka isimame, changanya taratibu na kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, vanila, chumvi chembe, gandisha usiku mzima. Inakuwa nzito na haiyeyuki haraka. Ila maziwa ya kopo ni matamu mno, kwa hiyo shira ipunguzwe ibaki vijiko viwili.

Ahsante FundiBarafu kwa la nanasi. Nimechemsha leo, limekaa glasini mpaka likaisha, uchungu hakuna.

---

Tunu_Ujiji (Kigoma)

Jamani huku maji ya gesi hayapatikani kirahisi, nikiulizia naletewa tonic. Je, naweza kutumia baking soda na limau? Na kuna jamaa kaniambia nitumie barafu kavu kwenye chupa.

---

FundiBarafu

Dada Tunu, la barafu kavu naomba uliache kabisa. Barafu kavu ndani ya chupa iliyofungwa ni bomu. Inageuka gesi, chupa inapasuka, watu wamepoteza vidole na macho. Sisemi kukutisha.

Tonic ina kwinini, ni chungu, itaua ladha ya tunda. Baking soda na limau inatoa gesi kweli, lakini inaacha chumvi ndani ya maji na gesi yenyewe ni kidogo, nyingi inapotea unapokoroga. Kwa glasi moja ya kujaribu sawa, kwa kinywaji cha kumpa mgeni hapana.

Njia mbili zilizobaki. Moja ni chupa ya kujitilia gesi, zile zenye vidonge vya chuma vya gramu 8. Kidonge kimoja kinatosha lita moja. Hakikisha kimeandikwa CO2, kwa sababu vya kupigia krimu vinafanana navyo na gesi yake ni nyingine. Jaza maji matupu yaliyopoa sana, usitie shira wala maziwa humo ndani, yatafoka yakazibe mdomo. Ya pili ni kutumia soda ya tangawizi.

---

MbongoPhilly

Hiyo ya tangawizi ina historia yake. Detroit wana kinywaji chao, soda ya tangawizi ya Vernors na aiskrimu ya vanila, wanakiita Boston cooler ingawa ni cha Detroit. Sasa chukua Stoney Tangawizi ya kwetu, ambayo ukali wake unauma hasa, weka kijiko kimoja tu cha shira ya pichi au ya nanasi, na vanila juu. Si ile ya vitu vinne ya Nuru, lakini kama maji ya gesi hayapo Kigoma, hii naisimamia mbele ya yeyote.

---

BintiKisauni

Nimerudi. Pasheni kwa krimu nzito imekubali, haikukatika mpaka tumemaliza. Nimetia na mbegu zake kijiko kimoja juu, zinatafunika vizuri na lile ganda la barafu.

Nuru, embe je? Na shira nikitaka kuiweka akiba mpaka Ramadhani itakaa?

---

Nuru wa Soni

Hongera dada. Mbegu nilikuwa sijawahi kuzitia juu, kesho natia.

Embe halitoi maji kwa sukari kama forosadi, nyama yake ni nzito. Liblendi, lichuje nyuzi, kisha lilegeze kwa shira nyepesi ya sukari na maji kiasi sawa, mpaka limiminike kutoka kwenye kijiko kama mkanda. Lisipomiminika litazama chini ya glasi likabaki huko. Limau ni lazima kwenye embe, bila uchachu linapwaya kwenye gesi. Dodo lina nyuzi chache, ndilo ninalolipenda kwa kazi hii, ila bolibo nalo likiiva vizuri lina harufu zaidi.

Kuhusu akiba: iliyopashwa moto na kutiwa kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa inakaa friji wiki mbili. Kwa Ramadhani igandishe kwenye vile visahani vya kutengenezea barafu, zikishaganda zitoe uweke kwenye mfuko, andika tunda na tarehe. Vipande vitatu vinatosha glasi. Vitoe friza vihamie kwenye friji tangu adhuhuri, ikifika magharibi shira itakuwa imeyeyuka na bado ni baridi.